Kwa turubai la Goma, tuache fundo la kuteleza

Miongozo mingi ya kambi inalisifia fundo la kuteleza: mizunguko miwili ndani ya kitanzi, mmoja nje, kisha unalisogeza kukaza au kulegeza. Ni zuri kwa nailoni laini iliyosukwa. Lakini ile kamba ya plastiki ya bei rahisi, ngumu na telezi, haishikani nalo. Upepo wa ziwa ukitikisa turubai kidogo tu, fundo linashuka na maji yanatuama katikati. Kama huna budi, ongeza mzunguko wa tatu ndani.

Mimi nachagua fundo la wapakia malori. Funga ncha moja kwenye turubai. Karibu urefu wa mkono kabla ya jiwe unalofungia, fanya kitanzi kwa kuvuta pindi, yaani kamba iliyokunjwa, kutoka upande wa ncha huru. Hapo ndipo wengi hukosea: pindi likitoka upande wa turubai, kitanzi kinajifunga kama mtego kadiri unavyokaza. Zungusha ncha kwenye jiwe, ipitishe katika kitanzi, vuta kurudi chini, bana kwa vidole pale inapojikunja, kisha piga nusu fundo mbili. Ya pili iache na pindi, ifunguke kwa kuvuta tu hata mikono ikiwa imelowa. Kwa hesabu nguvu yako inazidishwa mara 3. Msuguano unakula sehemu kubwa, ila inayobaki inatosha kung'oa tundu la turubai, kwa hiyo usikaze kwa hasira.

Tundu likishang'oka, viringisha kokoto laini la ziwani ndani ya pembe na ufunge kamba nyuma yake. La lava litatoboa.

Lava hiyohiyo, kama ile iliyoshuka mjini mwaka 2002, haipokei vigingi, nasi tunafunga kwenye mawe. Kingo zake ni msumeno, na fundo hili linaburuza kamba wakati wa kukaza. Basi zungushia jiwe kwanza kitanzi cha kamba nene kilichovikwa mpira wa ndani wa baiskeli, ukazie hapo.

Mvua ikinyesha, nailoni hurefuka: kaza upya. Katani hufupika: legeza mapema. Ya plastiki hainywi maji, adui yake ni jua. Ikianza kupauka na kutoa unga mkononi, itupe.