Ngoma ya Bagamoyo na Bei Yake

Lawama iliyozoeleka Bagamoyo ni kwamba ngoma zimeharibiwa na hoteli. Ngoma ya kukesha inakatwa mpaka dakika chache wageni wakisubiri chakula, na mcheza sindimba anaambiwa azidishe kiuno kwa sababu kamera zimetoka. Lawama hiyo ina ukweli mwingi. Ila wanaoitoa huongea kama vile zamani msanii alikuwa mtu huru, akicheza kwa raha zake tu.

Hakuwa huru. Miaka ya 1960 nchi iliunda Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Wachezaji walipata mshahara, nao ngoma wakazitoa kwenye jando, mavuno na matambiko, wakazipandisha jukwaani mbele ya viongozi na wageni wa taifa. Kule nako muda ulipangwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mashairi mengi yakageuka kuwa ya chama na ujamaa. Kwa hiyo mkasi tunaoulaumu leo ulianza kazi kabla mtalii hajafika. Tofauti ni kwamba mwajiri yule alilipa hata mwezi usio na onyesho, na msanii akapata muda wa mazoezi. Hilo si dogo. Chuo cha Sanaa kilichoanza Bagamoyo mwaka 1981 kilitokana na msingi huo, na mwaka uliofuata likaja tamasha lake. Mwaka 2007 chuo kikafanywa wakala wa serikali, ndiyo TaSUBa ya leo (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na suala la kujitafutia mapato likaingia mlangoni rasmi.

Mtetezi wa soko ana mfano mzito: Hukwe Zawose. Mwanamuziki Mgogo wa Dodoma, aliyewahi kuwa msanii wa serikali na kuishi Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Real World, kampuni ya muziki ya Peter Gabriel huko Uingereza, ilitoa kazi zake, na zeze na ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, vikasikika kwenye majukwaa ambayo hakuna wizara ingeyafikia. Wala hakulazimika kuacha Kigogo. Kigogo ndicho kilichotafutwa.

Hapo hapo pana mtego. Mnunuzi anayetaka "asili" naye ana amri zake. Kijana wa Bagamoyo akichanganya zeze na gitaa la umeme, ataambiwa avue jinzi, avae ngozi na manyoya, kwa sababu mgeni hakusafiri kuja kuona jinzi. Serikali ilitaka ngoma ya taifa, hoteli inataka ngoma ya kale. Anachotaka kijana mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Na soko huchagua wachache. Kwa kila Zawose mmoja, wapo wapigaji hodari waliobaki na malipo ya usiku mmoja mmoja.

Sheria ya hakimiliki ya 1999, iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa mwenye wimbo wake, ni silaha nzuri. Ila ngoma ya Wazaramo au Wamakonde mtunzi wake ni nani? Sheria imetenga sehemu ya sanaa za jadi, lakini kikundi kinachocheza ufukweni leo hakiwezi kuidai ngoma kuwa mali yake. Video ikishazunguka mtandaoni, kilichobaki mkononi ni ile bahasha ya jana.

Mimi naegemea upande wa soko kuliko walalamikaji wengi, kwa sababu pesa ya mtalii haijaniudhi kama ninavyoudhiwa na jinsi inavyogawanywa. Hoteli ni mnunuzi mmoja, vikundi ni vingi, na kikundi cha pili kikikubali nauli na chakula tu, cha kwanza kimekwisha. Hapo hata sanaa inashuka: hakuna anayefanya mazoezi ya wiki nzima kwa malipo ya nauli. Vikundi vya Bagamoyo vingekubaliana bei ya chini kabisa, na video ya biashara ikalipiwa kando na onyesho, hoja ya kiuno na kamera ingepungua makali.

Mpango huo nao una majeruhi wake, nao ni wanafunzi waliomaliza chuo juzi, wasiojulikana, ambao njia yao pekee ya kuingia ni kucheza kwa bei nafuu kuliko wakongwe. Wakongwe wakifunga bei, watalazimika pia kuwapa vijana hao nafasi ndani ya vikundi vyao, jambo ambalo sijaona wakilishangilia.