Sinia halikunikimbiza

Wadau, tulieni kwanza. Ile voisi ya jamaa wa vioo wa hapa mtaani, kwamba eti sinia la mbao nililokuwa nakereza limenikimbiza, inayozunguka kwenye magrupu tangu jana jioni, nimeisikia. Hata mama yangu mzazi huko Korogwe ameisikia, na amenipigia kuuliza ni nani pale mtaani ananitupia majini. Kwa hiyo kabla jamaa wa vioo hajatoa sehemu ya pili, niseme mwenyewe: sinia halikunikimbiza. Mimi ndiye niliyelikimbiza. Ushahidi wa kifundi ninao, utakuja.

Mnaijua mashine yangu ya kukereza, ile iliyonitolea miguu ya vitanda miaka yote hii hapa Keko. Mota yake iliungua, nikaipeleka ikasukwe upya. Jana asubuhi ikarudi, nikaifunga, nikawasha: inazunguka kinyume. Hilo si ajabu, wala si kosa la msukaji. Mota ya umeme wa njia tatu hufuata zamu ya nyaya zinavyopokezana. Ukitaka igeuke, unabadilishana nyaya mbili, zozote zile, ya tatu unaiacha ilipo. Dakika tano tu. Dogo wangu wa karakana hana hata mwaka kazini na analijua hilo.

Na mimi nalijua. Shida, alikuwepo mteja.

Mama mmoja wa heshima zake, kaja kuangalia sinia la mninga la sendofu ya binti yake, Jumamosi hii. Sinia la sentimita 45, la kubebea pilau la ukoo mzima. Kaniuliza tu: "Fundi, mashine imepona?" Ningejibu "imepona, mama" yangeisha. Badala yake nikafungua chuo kikuu. Nikazima swichi kuu (hapo mnipe maksi, maana ndizo pekee za siku nzima), nikafungua kiboksi cha mota, nikaanza kumfundisha mama wa watu nyekundu, njano na bluu. Na kwa kuwa nyaya mbili zilionekana kazi ndogo mno kwa mhadhara mkubwa kiasi kile, nikahamisha zote tatu. Nyekundu nikaipeleka kwa njano, njano kwa bluu, bluu kwa nyekundu.

Mafundi umeme mlioko humu, acheni kucheka, wenzenu hawajaelewa.

"Bosi, tuijaribu kwanza ikiwa tupu," dogo akasema. Nikamkata jicho. Tupu? Mbele ya mteja?

Sasa, ile sahani ya chuma inayoshika ubao hujifunga kwenye mhimili kama kizibo cha chupa. Mashine ikizunguka sawasawa, kadiri unavyokereza ndivyo inavyozidi kubana. Ikizunguka kinyume, basi, kizibo nacho mnajua kinavyofanya. Kuna kiskrubu cha kuzuia balaa hilo. Mtaniuliza kilikuwa wapi. Kilikuwa kwenye kopo la maziwa, pamoja na viskrubu vingine ninavyovitunza sana.

Patasi mkono wa kulia. Kidole cha kushoto kwenye kitufe cha kijani. Uso nimeugeuzia kwa mama, kama napigwa picha ya kitambulisho. Nikabonyeza. Mota ikavuma, na jamani, mota iliyosukwa vizuri ina sauti ya kulaza mtoto. Sinia likaanza kuzunguka. Halafu nikaona linasogea. Linazunguka huku linasogea, taratibu, kuelekea ncha ya mhimili, kama bibi harusi anayechungulia mlangoni. Akili yangu, badala ya kuniambia "zima", ikaniambia "ona lilivyotulia". Likasogea tena. Nyuma yangu dogo akavuta pumzi hakuitoa. Mama akasema "mashallah", maana alidhani ndivyo masinia yanavyotengenezwa. Kidole changu kinafika kwenye kitufe chekundu, sinia nalo limefika mwisho wa mhimili. Pale hewani, kilo sita na ushee za mninga na chuma chake, linazunguka halina mwenyewe. Tukatazamana.

Likashuka. Mimi nikasubiri lilale chini kama mbao za watu wengine. Halikulala. Lilitua kwa ukingo, likasuguasugua sakafu, likashika njia.

Mashine nimeielekeza mlangoni nipate mwanga. Likatoka mlangoni. Bodaboda wa pale nje wakainua miguu wote kwa pamoja, bila kuambiana. Jogoo wa jirani akaruka. Mimi nyuma, aproni inapepea, patasi bado mkononi, napiga kelele "likamateni!" kama nimeibiwa. Nani akamate? Likaenda moja kwa moja mpaka kwa mama ntilie, likaingia kwenye beseni la kuoshea vyombo, na maji yote, povu na mchicha wake, yakamwamkia jamaa wa vioo aliyekuwa ndiyo kwanza anapeleka mdomoni tonge la wali maharage.

Sasa mmejua voisi imetoka wapi.

Mengineyo ya kawaida. Nimelipa beseni, nimelipa wali, nimeomba radhi. Sinia liling'oka kidogo ukingoni, nimelipunguza likabaki sentimita 42, na mama kapunguza pesa kwa kipimo kikubwa kuliko hicho. Dogo alinipangia vizibo vitatu vya soda kwa duara mezani, akavisogeza vyote hatua moja, akaniuliza: "Bosi, zamu imebadilika?" Haikubadilika. Akabadilishana viwili. Ikageuka. Alinieleza kwa heshima zote, na hiyo ndiyo iliyouma.

Ushahidi niliowaahidi ni huu. Mashine ikizunguka sawasawa, upande wa juu wa ubao unakuja kwa fundi. Sinia lingechomoka katika hali hiyo, lingenifuata mimi. Lakini lilikuwa linazunguka kinyume, juu yake inakwenda mbele, kwa hiyo lilipogusa chini lilikwenda mbele. Kunikimbiza lisingeweza. Nimeyaandika haya yote, kwa mchoro na mshale, nikayatuma kwenye grupu.

Jamaa wa vioo kajibu kwa voisi ya dakika nzima. Karibu yote ni kicheko. Mwishoni kasema: "Kwa hiyo fundi, hata sinia lilikuwa linakukimbia wewe?"