Ile orodha ya michango ya harusi inatuumiza

Hapa Norway ninapoishi kipato chako sio siri kabisa, kila mwaka mamlaka ya kodi inatoa orodha na mtu akiingia mtandaoni anaona jirani yake kaingiza kiasi gani, ana mali kiasi gani na kalipa kodi kiasi gani. Zamani watu walikuwa wanapekuana mpaka basi, ila tangu 2014 ukimchungulia mtu na yeye anaona kwamba ni wewe, upekuzi ukashuka sana. Na pamoja na uwazi wote huo, pale kazini kwetu (nalea wazee) sijawahi kusikia mtu anapimwa kwa hiyo namba, daktari na sisi tunaobadilisha mashuka tunakula meza moja, kila mtu na mkate wake aliofunga nyumbani.

Bongo sasa. Mshahara wa mtu hata mkewe haujui, lakini thamani yake tunaianika kwenye grupu la harusi. Mweka hazina anaposti jina, ahadi, kalipa, bado. Watu wanaamka alfajiri kitu cha kwanza wanaangalia wako chini ya nani! Kuna dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alichukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili asionekane na elfu hamsini wakati mawifi zake wameandika laki tatu tatu, harusi ikaisha usiku mmoja, deni bado linamtafuna na kadi yake ya benki anayo mkopeshaji, siku ya mshahara anakuta kabakishiwa nauli tu. Hii inaniuma sana jamani.

Na sisi wa majuu ndio usiseme, jina linawekwa juu hata hujaahidi. Wapo wanaounganisha zamu za usiku kwa sababu hiyo tu, ukiwauliza wanasema watu wataona nimefulia.

Sisemi wazungu hawajali macho ya watu, wanajali sana, huku kuna kitu wanaita Janteloven, usijione bora kuliko wenzako, kwa hiyo mwenye hela naye anaogopa kusemwa. Tofauti ni kwamba mtu akiugua au akikosa kazi serikali inambeba, hahitaji jina zuri ndio aishi. Kwetu jina ndio bima, ukifiwa ni haohao wa kwenye grupu watakuja na rambirambi, ndio maana simlaumu yule mwalimu hata kidogo. Ninachokataa ni kumwanika.

Wahazini mnaweza kabisa kuposti jumla tu, majina yabaki kwenye daftari la kamati, aliyetoa elfu kumi akaja kumenya vitunguu usiku kucha akae kwa amani kama wengine. Kwa harusi ya mdogo wangu mwezi wa 12 nimeshaongea na kamati, wamekubali, anayebisha ni mjomba tu, anasema watu hawatoi bila kuonekana. Nimemwambia shikamoo mjomba, wasipotoa tutachukua ukumbi mdogo.