Ini Langu Lina Ulimi

Nilikuwa nafunga kanga niende dukani, mkono ukagota kitu kigumu chini ya mbavu za kulia. Nikivuta pumzi kinashuka, nikitoa kinapanda. Nikakaa kitandani.

Kesho yake daktari wa zahanati alikibonyeza, akakunja uso, akaandika karatasi ya altrasaundi na kuniambia niende bila kula. Basi. Ule ukimya wake ndio ulionimaliza.

Usiku nikaanza kuaga. Vitenge viwili, havijaguswa na fundi, nikampa dada wa kazi. Kisha nikamwita wifi yangu, niliyekuwa namdai shilingi 120,000 tangu mwaka jana, nikamwambia kwa sauti ya mgonjwa: "Wifi, nimekusamehe." Alilia. Nikikumbuka sasa, alilia haraka mno.

Asubuhi nikapakwa jeli ya baridi tumboni. Vuta pumzi, bana, achia. Mara mpimaji akamwita mwenzake, mwenzake akaita wanafunzi watatu. Nikapiga shahada.

"Mama, huu si uvimbe," akasema, akinigeuzia kioo. "Ini lako lina ulimi."

Eti maini ya wenzangu yanaishia mbavuni, langu pande la kulia limeteremka hadi karibu na nyonga, limechongoka kama ulimi. Wanaliita pande la Riedel, kwa jina la mpasuaji Mjerumani aliyelieleza mwaka 1888. Huonekana zaidi kwa wanawake, na kwa kawaida halina madhara, ila linawazuga wabonyeza matumbo: huyu anadhani figo, yule anadhani uvimbe. Na wapo ambao pande la kushoto ndilo refu, linakwenda kuukumbatia wengu. Mwanafunzi mmoja akaomba kulishika. Kwa furaha niliyokuwa nayo, angeomba kipande ningemkatia.

Nikarudi nyumbani mbio. Kitenge kimoja kilishakuwa gauni. Wifi nikamkuta uani anachambua mchicha, nikamsimulia yote, ulimi na wengu, halafu taratibu nikagusia ile laki na ishirini, maana aliyesamehe alikuwa maiti mtarajiwa, na mimi hapa ni mzima.

Hakuinua hata kichwa.

"Wifi, miaka yote nasema una ndimi mbili, kaka ananigombeza. Kumbe hadi picha ipo!"