Shakahola na mstari ulio kwenye mabano

Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, sisi Wakristo wa Malindi tuna jibu moja: wale hawakuwa wenzetu. Lakini zaidi ya watu 400 walikutwa wamezikwa katika msitu ule, na upande wa mashtaka unasema waliambiwa na mhubiri wao, Paul Mackenzie, wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Biblia walizobeba ni hizi hizi zetu. Nani aliwafundisha kuzisoma?

Nasema waziwazi: theolojia yetu lazima ikubali kusahihishwa na wataalamu wa maandiko.

Chukua Mathayo 17:21, mstari unaopendwa sana kwenye mikesha: namna hii (ya pepo) haitoki ila kwa kusali na kufunga. Haumo katika Kodeksi Vaticanus, wala katika maandishi ya kwanza ya Kodeksi Sinaiticus, kabla hayajasahihishwa; hizi ni nakala za Biblia za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono katika karne ya 4, miongoni mwa kongwe zaidi tulizo nazo. Ndiyo maana Biblia kadhaa huuweka kwenye mabano au kuushusha chini ya ukurasa. Katika Marko 9:29, penye habari ile ile, nakala hizo zinataja kuomba tu. Hata 1 Wakorintho 7:5, Paulo anapowaambia wanandoa wasinyimane ila kwa muda ili wasali, kufunga kumeingizwa na wanakili wa baadaye. Wataalamu wengi wanaona sababu iko wazi: kanisa lao lilitukuza kufunga, na kalamu zao zikafuata.

Sisemi tusifunge. Mathayo 6, Yesu anapofundisha jinsi ya kufunga, ipo, na yeye mwenyewe alifunga. Ila muumini anayeijua historia hii ana la kumuuliza mhubiri anayemwagiza ajinyime chakula kwa jina la Mungu.

Wazee wetu wa kanisa huogopa: tukianza na mstari mmoja, si kesho tutagusa ufufuo? Nauheshimu woga huo, kwa sababu ufufuo ndio imani yangu pia. Lakini Paulo anaushuhudia katika 1 Wakorintho 15, na kwamba waraka huo ni wake hata wataalamu wasioamini wanakubali. Utafiti ule ule unaoondoa kufunga pale unatuachia ushahidi huu.

Wachungaji waliopitia vyuo vya theolojia wanayajua haya, ila wakipanda madhabahuni wanayaacha, eti waumini watayumba. Naomba wayalete kwenye masomo ya Biblia ya katikati ya wiki, kuanzia Kisumu Ndogo hadi Gongoni, wasome mabano hayo pamoja na akina mama na vijana, na wakae hadi swali la mwisho lijibiwe.