Risasi moja, pepo tatu

Kila kijana anayekuja kuniomba nimfundishe kulenga shabaha kwa bunduki ya masafa marefu huanza na darubini: ikuze mara ngapi, inunuliwe wapi, igharimu kiasi gani. Sijapata kumsikia hata mmoja akianza na upepo. Ndiyo maana nimejiwekea utaratibu ambao baadhi ya wenzangu wanauona mkali mno, kwamba mwanafunzi wangu hapigi risasi hata moja siku ya kwanza. Hukaa nyuma ya darubini ya kutazamia tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, akiwa na daftari na kalamu, na kazi yake yote ni kuandika upepo anaouona. Naomba nieleze kwa nini nashikilia jambo hili, hasa kwetu sisi tunaolenga katika mabonde ya Mbeya.

Wengi hudhani kwamba upepo huibeba risasi ubavuni kama unavyobeba jani. Ingekuwa hivyo, upepo wa mita 4.5 kwa sekunde ungeisogeza risasi mita 4.5 kwa kila sekunde iliyo hewani, na kulenga kwa mita 600 kungekuwa kubahatisha. Ukweli ni kwamba risasi inayozunguka vizuri hugeuza pua yake kidogo sana kuelekea upepo unakotoka, na ukinzani uleule wa hewa unaoipunguzia kasi ndio unaoivuta pembeni. Kinachohesabiwa, basi, ni ule muda ambao hewa imeichelewesha. Risasi ya milimita 7.62 yenye uzito wa gramu 11 hivi, ikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 790 kwa sekunde, ingefika mita 600 kwa sekunde 0.76 kama pasingekuwa na hewa; kwenye usawa wa bahari hutumia karibu sekunde 0.96. Zidisha sekunde 0.2 za ucheleweshaji kwa upepo wa mita 4.5 kwa sekunde, nawe utapata sentimita 90. Upepo huohuo huisogeza risasi hiyo sentimita 20 tu kwa mita 300, na zaidi ya mita 2 kwa mita 900. Anayejisifu kwamba upepo haumsumbui kwa mita 300 ajaribu umbali huo mara tatu.

Hapa kwetu kuna jambo la kuongeza. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya sita. Hewa nyepesi haiicheleweshi risasi sana kama hewa nzito ya pwani, na kwa hiyo upepo nao hauivuti sana. Mtu akija na jedwali lililopigiwa hesabu za pwani atasahihisha kupita kiasi, kisha ataulaumu mkono wake au bunduki yake, kumbe kosa liko kwenye karatasi.

Lakini namba hizo zote ni rahisi mbele ya swali gumu zaidi: upepo upi? Mahali tunapolengea, kwa kibali na tukiwa na kilima cha udongo nyuma ya shabaha, pana bonde dogo katikati. Mlengaji analala kwenye ukingo mmoja, na shabaha zimesimama kwenye ukingo wa pili. Asubuhi na mapema hewa baridi bado inateremka kutoka milimani, na unaweza kuuona moshi wa majiko ukiwa umelala bondeni kama shuka. Jua likishaupasha moto mteremko unaotazama mashariki, hewa ya upande huo huanza kupanda huku ya upande wa pili ikiwa bado inashuka. Kati ya saa tatu na saa tano nimewahi kuona nyasi za miguuni pangu zikilala kushoto, bendera ya katikati ikining'inia tu, na vumbi karibu na shabaha likikimbilia kulia. Risasi moja ilipaswa kupita pepo tatu kabla ya sekunde moja kwisha.

Katika hali hiyo, mwanafunzi huutazama zaidi upepo wa kwenye shabaha kwa sababu ndiko macho yake yaliko. Mimi humwambia auogope zaidi ule ulio karibu naye. Upepo wa mwanzo wa safari huipa risasi mwelekeo mpya, na upotofu huo huzidi kukua njia nzima. Upepo wa mita 50 za mwisho hauna nafasi ya kufanya mengi. Upepo wa juu ya bonde nao haufai kupuuzwa, kwani pale risasi iko mbali na ardhi, mahali ambapo hakuna mti wala kichaka cha kuuzuia, na nyasi za chini bondeni zinaweza kukupa habari za upepo mwingine kabisa.

Chombo ninachokiamini kuliko vyote ni mazigazi, yaani ule mtetemo wa hewa yenye joto unaoonekana kwa macho. Elekeza darubini kwenye shabaha, kisha irekebishe ili ione vizuri mahali palipo karibu nawe kidogo kuliko shabaha yenyewe, na siku yenye jua utaona hewa ikitiririka kama maji. Ikiinama kidogo, upepo ni mdogo. Ikilala na kukimbia kama mto, upepo umekaribia mita 5 kwa sekunde, na ukizidi hapo mazigazi hayawezi tena kukuonyesha tofauti, itakubidi uitazame miti. Hatari iko pale yanapochemka wima kama sufuria ya maharage. Wanaoanza hufurahi na kusema upepo umekufa, ilhali mara nyingi unakuja moja kwa moja usoni au mgongoni, au ndio uko katika kugeuka. Wakati huo mimi huondoa kidole kwenye kifyatulio.

Kuna suala la lugha ambalo sisi Waswahili tunapaswa kulimaliza wenyewe. Katika viwanja vya nje, kama kile cha Bisley nchini Uingereza ambako mashindano makubwa yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1890, upepo hutajwa kwa uso wa saa: shabaha iko kwenye namba 12, upepo wa namba 3 hutoka kulia na huhesabiwa kamili kwa kuwa wote unapiga ubavuni, na wa namba 1 huhesabiwa nusu. Utaratibu ni mzuri, ila kwetu mshale mfupi ukiwa kwenye namba 3 ni saa tisa, na saa tatu yetu ni namba 9, yaani mkono wa kushoto. Nimemshuhudia mtazamaji, yule anayemsomea mlengaji upepo, akitamka "saa tatu" kwa maana ya namba 3, na mwenzake akasahihisha kwa upande wa pili, kosa likawa maradufu. Tangu siku hiyo kwenye mstari wetu tunasema "kulia nusu", "kushoto robo tatu", "kulia kamili", na sioni sababu ya kurudi nyuma.

Najua nitaulizwa kuhusu kipimaupepo cha mkononi. Ninacho, na ninakitumia kulinganisha na macho yangu. Hata hivyo hupima upepo wa pale nilipo tu, na nimewaona vijana wakiinamia namba zake huku mbele yao miti ya mikaratusi ikipinda upande mwingine.

Somo la kungoja nililipata Mbozi, kwa bibi aliyekuwa akipepeta maharage uani kwake. Aliinua ungo, akasita, akaushusha, ingawa mimi niliuhisi upepo shavuni. Baada ya kumwamkia nilimuuliza kwa nini hamwagi. "Huu si wenyewe, mjukuu wangu," alinijibu, "wenyewe unarudi sasa hivi." Ukarudi kweli, kutoka pembe ileile na kwa nguvu ileile, naye akamwaga bila haraka. Mlengaji mzuri hufanya vivyo hivyo: huchagua hali moja ya upepo inayorudi mara kwa mara, hurekebisha darubini kwa hali hiyo, na hupiga inaporudi tu, hata kama dakika tatu zitapita bila mlio.

Mwanafunzi niliye naye sasa alimaliza siku yake ya kwanza Jumamosi iliyopita. Saa nne na dakika ishirini mazigazi yalisimama wima, naye akaandika daftarini, "Upepo umekwisha." Nilinyamaza. Baada ya muda mfupi yakaanza kuinama upande wa pili. Akaukata mstari wake, akaandika chini yake, "Umegeuka, kulia nusu," kisha akaweka saa na dakika. Jumamosi ijayo atapiga risasi zake tano za kwanza.