Shahada ya uuguzi: hesabu haijakatwa deni

Kuna makala inayowashauri wazazi wachague shahada ya uuguzi kwa kuwa mshahara wake huanzia juu kuliko wa stashahada. Ni kweli, lakini aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe, mbali na kodi, bima ya afya na mchango wa pensheni. Sisi wakulima wa Masasi, mkoani Mtwara, tunaosubiri mnada wa korosho ndipo tulipe ada, tutazame pia muda: shahada ni miaka 4, kisha mwaka wa utarajali (mafunzo ya kazi hospitalini), kisha kusubiri ajira, ilhali stashahada ni miaka 3. Binti yangu nimemshauri aanze na stashahada, ajiendeleze akiwa kazini.